Maelezo Yanayoambatana na Daraja la Meno la Bi Ollerenshaw

Bi Ollerenshaw,
daraja lako limerudi mara ya tatu
ndani ya bahasha, limeviringwa karatasi ya msalani:
jino moja la kauri, bawa moja la chuma
jembamba kuliko ukucha wa mtoto.
Daktari ameandika, *Limebanduka tena. Alikuwa akila tosti.*
Hakuongeza neno. Huko Hillsborough wana haraka.

Hapa Attercliffe karakana yetu iko chini ya barabara.
Dirishani naona mvua na viatu vya watu.
Nikaligeuza bawa, nikatazama upande wa ndani,
ule unaolalia mgongo wa jino, usioonwa na mtu,
nikajiona.
Pua yangu, Bi Ollerenshaw. Kope zangu, moja moja.

Nikapiga simu. Nyuma yako televisheni ilikuwa ikipiga makofi.
Nikauliza, nani amelisugua?
Kimya.
"Mimi, mwanangu. Lilikuwa limefifia."

Ukanisimulia: miaka kumi na mitano ulipoketishwa
mbele ya gurudumu la kung'arishia,
umejifunga karatasi za kaki kiunoni,
vijiko, nyuma, visu vya samaki
vya watu ambao hawakukualika mezani,
miaka thelathini na moja,
na kijiko kilichoshindwa kumrudishia msimamizi sura yake
kilirudi kwako, na senti zikakatwa.
Basi siku bawa lilipotoka kinywani, kijivu, lina ukungu,
ulimwonea haya fundi aliyelitengeneza.
Ukaleta dawa ya fedha na kipande cha flaneli.
Ukalisugua mpaka likacheka.

Fundi huyo ni mimi.
Ukungu ule ndio kazi yenyewe.

(Mara ya kwanza halikuwa kosa lako. Yalikuwa mate,
tone moja lililopenya daktari akigeuka kuchukua pamba.)

Kwetu kupiga msasa ni kulainisha.
Mjomba alisugua vitanda kwa majani ya msasa
mpaka nzi akateleza. Mimi nimevuka maji
kuja kulipwa kwa kinyume chake.
Maana chuma na resini ni lila na fila,
ukiwakutanisha hivi hivi, kila mmoja na uso wake laini,
wataamkiana tu. Hawatashikana.
Wasemao chanda na pete wamesahau
kwamba pete huvuka.

Kwa hiyo nimelitia katika sanduku la kioo,
mikono yangu ndani ya glavu zake nene,
nikalipulizia unga wa alumina, maikroni hamsini,
kwa pembe, kwa subira, mlio kama birika linalokaribia.
Mng'ao wako ulikufa kuanzia ukingoni.
Sikufurahi, nakwambia kweli.
Ilikuwa kazi nzuri.

Chini ya hadubini sasa ni mabonde na majabali,
maelfu ya vishikizo. Nimelioshea ndani ya spiriti
inayotetema. Silishiki ila kwa koleo:
kidole kisafi kuliko vyote kina mafuta ya kutosha
kuvunja ndoa hii. Daktari atalipaka praima,
dawa yenye mikono miwili,
mmoja umeng'ang'ania chuma, mwingine umenyooshwa
unangoja resini. Kisha taa ya buluu,
nawe utafumba macho kama kawaida yako.

Chuma kilichochunwa hakikai na kidonda wazi muda mrefu,
hewa tu yatosha kukichakaza. Nitalipeleka mwenyewe,
kwa tramu ya saa nane na robo,
kikopo mapajani, nikiwakwepa wanafunzi na miavuli yao.
Nakuandikia kwa lugha usiyoisoma
kwa kuwa kwa Kiingereza ningeandika tu: *usiguse*.

Lakini upande wa pili, Bi Ollerenshaw,
ule unaoelekea ulimi,
jana nilibaki baada ya wenzangu kuondoka.
Gurudumu dogo, mafuta, kitambaa, tena kitambaa.
Upitishe ulimi wako hapo, polepole,
kama msimamizi.
Ukikuta doa, nirudishie mimi.